Usivue Hatamu Gari Lingali Nyuma

Mwezi huu zimefika mezani kwangu barua tano kutoka pande mbalimbali za Lubumbashi, na zote, kila moja kwa njia yake, zinahusu gari la farasi. Nimezifupisha bila kubadili maana. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

*Mzee Mshauri, pokea salamu zangu. Mimi ni mfanyabiashara wa Kampemba. Mwaka jana nilinunua gari la farasi la magurudumu manne kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, pamoja na farasi wake aliyehasiwa, wa miaka tisa, mpole kabisa, ambaye watoto wa kaka yangu humpanda bila shida. Ninataka kuanza kubeba maarusi mwezi wa nane, wakati ndoa ni nyingi na mvua hakuna. Sijawahi kuendesha, ila nimewahi kutazama. Matandiko yapo, ingawa hayajaguswa kwa miaka mingi. Je, wiki sita zinatosha? — M. K., Kampemba*

Ndugu M. K., wiki sita hazitoshi, na ninakuomba usipokee hata franga moja ya arusi yoyote ya mwaka huu. Najua jibu hili linauma, kwa maana gari umekwisha kulilipia na farasi anakula kila siku, lakini heri nikuudhi mimi leo kuliko kuja kuomba msamaha kwa wazazi wa bibi arusi.

Umeandika kwamba farasi wako ni mpole kwa kuwa watoto humpanda. Upole huo ni wa kweli, lakini ni wa kazi nyingine. Anayepanda farasi anamgusa mnyama kwa miguu yote miwili, kwa uzito wa mwili na kwa mikono, na farasi anajua daima kwamba mtu wake yupo mgongoni. Mwendesha gari ameketi mbali nyuma, na amebakiwa na vitu vitatu tu: sauti, vigwe (ile mikanda mirefu ya kumwongozea) na mjeledi. Kati yake na farasi kuna chombo kinachogongagonga, kinachofuata kila mahali, na ambacho farasi hakukiomba. Jambo lenyewe liko hapo. Farasi ni mnyama aliyeumbwa kuliwa na wengine, na macho yake yamewekwa ubavuni mwa kichwa hata anaona karibu pande zote, isipokuwa sehemu ndogo nyuma ya mkia na nyingine mbele ya pua. Akitishwa na kitu, dawa yake ya kwanza ni kukimbia. Sasa fikiria kwamba kinachomtisha kimefungwa kwake: kadiri anavyokimbia ndivyo nacho kinavyokimbia, na kadiri kinavyokimbia ndivyo kelele zinavyozidi. Mpanda farasi akianguka, farasi hukimbia mita mia chache kisha akasimama na kula majani. Gari halianguki kutoka kwa farasi. Analiburuta mpaka livunjike, au avunjike yeye.

Ndiyo maana hatamu ya farasi wa gari, yaani mikanda ya kichwani mwake, ina vipande viwili vya ngozi pembeni mwa macho, ninavyoviita vikinga-macho. Si mapambo, wala si kumfanya farasi asione njia. Ni kumzuia asiyaone magurudumu yakizunguka nyuma ya mapaja yake.

Nitakusimulia kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ninakuona ukielekea kulifanya. Nilikuwa kijana, nikifanya kazi katika shamba moja upande wa barabara ya Kasenga, na mwezi ulikuwa wa kumi, ule wa joto kali kabla ya mvua, nzi wakiwa wengi. Tulirudi na gari dogo la magurudumu mawili, farasi akitoka jasho, na tulipofika mbele ya zizi akaanza kunisugua kwa kichwa chake begani, akijikuna chini ya mkanda wa hatamu. Nilimhurumia. Nikafungua kifungo cha koo na kumvua hatamu ili apumzike, nikiwa na nia ya kulifungua gari baada ya hapo. Aligeuza shingo kujikuna mbavuni, akaliona gurudumu. Sikuwahi kuona jicho la mnyama likifunguka namna ile. Alinipita kama mlango uliosukumwa na upepo, akazunguka kichuguu kikubwa kilichokuwa uani, gurudumu la kulia likapanda juu ya kichuguu, gari likapinduka, na mhimili mmoja, ile miti miwili ya gari inayopita ubavuni mwa farasi, ukakatika kwa sauti kama ya bunduki. Farasi alipona akiwa na jeraha la kushonwa mguuni. Hakuvuta gari tena maisha yake yote, na mwenye shamba hakunitukana, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kuliko kutukanwa. Hatamu huvaliwa ya mwisho kabla farasi hajaletwa penye gari, na haivuliwi mpaka gari liwe limeondolewa kabisa nyuma yake. Hakuna joto, nzi wala huruma inayobadilisha utaratibu huo.

Utaratibu wenyewe ni huu. Farasi husafishwa kwanza, hasa pale ambapo matandiko yatakaa, kwa kuwa chembe moja ya mchanga wetu mwekundu chini ya mkanda wa kifua inaweza kuchubua ngozi katika mwendo wa saa moja. Kisha huvalishwa mkanda wa kifua au kola ya shingo. Kola huingizwa kichwani ikiwa imepinduliwa juu chini, kwa sababu sehemu yake pana ndiyo inayopita penye macho, ndipo hugeuzwa. Linafuata tandiko dogo la mgongoni pamoja na mkanda wa mkia na mkanda wa nyuma, ule unaozunguka mapaja. Mwisho hatamu na vigwe. Gari huletwa kwa farasi, au farasi husimamishwa mbele ya gari na mihimili ikavutwa hadi kwake. Kamwe hasukumwi kinyumenyume aingie katikati ya mihimili, maana akiukanyaga mmoja utavunjika, na ukimchoma atakumbuka. Wakati wote huo saisi, yaani mtunza farasi, amesimama penye kichwa chake, naye hafanyi kazi nyingine yoyote.

Mihimili ikishaingia katika vitanzi vyake, funga kwanza mikanda ya kuvutia, ile inayotoka kifuani hadi kwenye gari, kisha mkanda wa nyuma, kisha mkanda wa tumbo. Mpangilio huu una sababu: farasi akisogea mbele kabla hujamaliza, atavuta gari kwa kifua kama inavyotakiwa, badala ya kuchomoka kutoka kwenye mihimili na kubaki ameshikwa na mkanda mmoja wa nyuma. Wakati wa kufungua unarudi kinyume, na mikanda ya kuvutia ndiyo inayofunguliwa ya mwisho. Mwendesha hupanda wa kwanza, vigwe vikiwa tayari mkononi, abiria humfuata. Na wakati wa kushuka abiria hutangulia, mwendesha huwa wa mwisho. Sijali bibi arusi amechelewa kiasi gani. Gari lenye abiria na lisilo na mwendesha ni gari lisilo na mtu.

Usidharau mkanda wa nyuma kwa kuwa mji wetu ni tambarare kuliko Bukavu. Gari linapoteremka, hata katika mteremko mdogo wa kuingia daraja, husukumwa na uzito wake, na kama hakuna cha kulizuia litagonga mapaja ya farasi. Farasi wako mpole atapiga teke mara moja, nawe utajua kwa nini wazee waliupenda mkanda huo. Farasi anapovuta, mkono mmoja uliokunjuliwa uweze kupita kati ya mkanda na paja. Gari lako la magurudumu manne lina breki, na hiyo ni neema, lakini lina hatari yake: ukikata kona kwa ghafla, magurudumu ya mbele hugeuka hadi kufika chini ya gari au kuubana mwili wake, na gari hupinduka hata likiwa linatembea polepole. Kwa kujifunzia ningechagua gari la magurudumu mawili, jepesi, lililosawazishwa vizuri hata mihimili ikikaa katika vitanzi vyake bila kumlemea farasi mgongoni wala kumwinua tumboni.

Sasa njia. Mwendesha asiyejua huhitaji farasi anayejua, na farasi asiyejua huhitaji mwendesha anayejua. Wawili wasiojua wakifungwa pamoja, anayefundisha ni barabara. Tafuta kwanza kama farasi huyo aliwahi kuvuta gari au alinunuliwa tu siku moja na gari. Kama aliyehama bado anapatikana kwa simu, muulize. Muulize pia maneno aliyokuwa akimwambia, maana farasi aliyefundishwa kusimama kwa Kifaransa hatasimama kwa Kiswahili siku ya kwanza, na hiyo haitakuwa jeuri yake.

Asipokuwa amefundishwa, hesabu miezi, si wiki. Avae matandiko zizini mpaka ayasahau. Kisha atembezwe kwa vigwe virefu, mwendesha akimfuata kwa miguu, mpaka asimame, ageuke na kuondoka kwa sauti bila mabishano. Kisha azoeshwe kusikia kitu kikiburutwa, mtu mwingine akikiburuta kwanza mbele yake, baadaye ubavuni, halafu nyuma: kopo tupu, tawi, mwisho tairi. Tairi linapofungwa kwake kwa mara ya kwanza, lifungwe kwa kamba ambayo ncha yake imeshikwa na mtu anayeweza kuiachia papo hapo. Kisha mihimili miwili ya mti bila gari, ili ajue kwamba kuna kitu kitakachomgusa ubavuni anapogeuka. Ndipo gari, na lije uwanjani penye uzio, asubuhi na mapema, na watu wawili wanaojua. Kila hatua imalizike farasi akiwa ameizoea hadi kuichoka, yaani ikiwa imekwisha kuwa kazi ya kawaida. Hofu iliyofunikwa kwa haraka hutoka siku ambayo hukuiita.

Na siku hiyo, kwa bahati mbaya, huwa siku ya arusi. Wewe mwenyewe unazijua arusi zetu: msafara wa magari yote yakipiga honi, fanfari mbele ya kanisa, manseba, yaani waendesha pikipiki, wakipita kushoto na kulia na mpiga picha amekaa kinyumenyume, vijana wakirusha karatasi za rangi. Ongeza baiskeli za makala zinazotoka kwenye njia ya Kasenga zikiwa na magunia marefu kuliko msukumaji, na lori la madini linalotoa hewa ya breki kando ya sikio la farasi. Juu ya hayo yote, shela la bibi arusi linapepea juu ya gurudumu. Farasi wa miaka mingi barabarani anaweza kuyavumilia. Wako bado.

Wala hapa Lubumbashi huna wa kukusahihisha ukikosea. Mji huu ulizaliwa na reli mwaka 1910, haukuzaliwa na gari la farasi, na katika sehemu nyingi za nchi yetu mbung'o na ugonjwa wa nagana wanaoueneza viliwazuia farasi wasikae. Kwa hiyo hatuna mitaa ya mafundi wa matandiko wala babu aliyeketi kibarazani akapaza sauti kwamba umefunga mkanda vibaya. Utalazimika kutafuta mwalimu katika mazizi ya farasi yaliyopo mjini, na umpime kwa swali moja: mwombe akuonyeshe jinsi anavyofungua gari. Akianza na hatamu, mshukuru na uondoke.

*Baba Mshauri, mimi ni msichana wa miaka 22, ninasoma chuo na ninapanda farasi kila Jumamosi. Ningependa kujifunza kuendesha gari, lakini mwalimu wangu anasema mikono yangu imezoea vibaya. Je, mikono ya kupanda na ya kuendesha ni tofauti? Na kwa nini kila picha inaonyesha mwendesha akiwa na mjeledi? Mimi sipendi kumpiga mnyama. — Binti wa mtaa wa Golf*

Binti yangu, mwalimu wako ana haki, lakini asikutishe. Kupanda kumekufundisha kugawa kazi kati ya mikono miwili. Katika kuendesha, mfumo unaofundishwa zaidi Ulaya unaweka vigwe vyote katika mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unabaki huru kwa mjeledi na kwa kumsaidia mwenzake. Mfumo huo una jina la Benno von Achenbach, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1861 na kufariki mwaka 1936, ambaye naye alijifunza kwa Edwin Howlett, Mwingereza aliyefundisha uendeshaji mjini Paris. Kigwe cha kushoto hupita juu ya kidole cha shahada, na kigwe cha kulia hupita kati ya kidole cha kati na kile cha pete. Vidole viwili vinabaki katikati, na kwa kuzungusha kifundo cha mkono kidogo tu unaweza kuelekeza kinywa cha farasi bila kuvuta.

Kanuni ninayoipenda zaidi katika mfumo huo ni kwamba kona hukatwa kwa kukilegeza kigwe cha nje kuliko kwa kukivuta cha ndani. Farasi huhisi nafasi imefunguka, akaifuata. Anayevuta kigwe cha ndani hupata farasi aliyepinda shingo huku mwili na gari vikiendelea mbele, moja kwa moja kuelekea mfereji.

Jifunze nyumbani kabla ya kumgusa farasi. Chukua kiti chenye mgongo, pitisha kamba mbili juu ya mgongo wake, na upande wa pili uning'inize chupa mbili za maji za lita moja moja. Kaa mita mbili nyuma, shika kamba kama nilivyoeleza, na zifanye chupa zikae usawa mmoja. Kisha ipandishe ya kulia kwa upana wa vidole vitatu bila ya kushoto kutikisika. Kisha fupisha zote mbili kwa pamoja, mkono wa kulia ukishika mbele na wa kushoto ukisogea. Ukiweza kufanya hivyo huku mdogo wako anakuuliza habari za chakula, nawe unamjibu bila kuzitazama chupa, mikono yako imeanza kuiva. Chupa ikipiga sakafu, jua kwamba ndivyo lijamu, kile chuma cha hatamu, lingempiga farasi kinywani.

Kuhusu mjeledi, nimefurahi umeuliza. Neno lenyewe ni zito katika nchi hii, kwa kuwa wazee wetu walichapwa chikoti wakati wa Wabelgiji, na mtu akiona fimbo mkononi mwa anayeketi juu, moyo wake unakumbuka. Mjeledi wa gari si chikoti. Mwendesha hana miguu ya kumgusia farasi mbavuni, na mjeledi ndio unaochukua nafasi ya mguu wako wa mpandaji: mguso mwepesi ubavuni, kumwambia asogee pembeni au aongeze mwendo. Ni lazima uwe mrefu wa kutosha kufika hapo, na ushikwe mkononi wakati wote, kwa sababu ule uliochomekwa kando yako hutaukuta utakapouhitaji. Utaona wengi wa waendeshaji wazuri wakimaliza siku nzima bila kuutumia zaidi ya mara mbili.

Jambo moja la mwisho kwako. Mwendesha huketi upande wa kulia wa gari, ili mkono wa mjeledi usimgonge abiria. Sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo utakuwa karibu na mfereji na mbali na magari yanayokuja mbele yako. Kabla ya kulipita pusupusu (mkokoteni) lililosimama, muulize saisi aliyeketi kushoto kwako kama njia ni wazi. Na usizungushe vigwe mkononi kamwe, hata ukivipenda.

*Mzee, mimi ni fundi wa ngozi Kamalondo, ninatengeneza viatu na mikoba. Mteja ameniletea matandiko ya farasi ya zamani nimshonee upya, na anataka nibadili rangi yawe ya kahawia kwa sababu ni nzuri zaidi. Vifungo vingine ni vya shaba na vingine vyeupe. Naomba mwongozo. — Fundi J.*

Fundi, heri wewe uliyeuliza kabla ya kukata. Ngozi ya mkoba ikikatika, ndizi zinamwagika. Ngozi hii ikikatika, watu wanamwagika. Anza kwa kuijaribu: ikunje kila mkanda pale unapopita kwenye kifungo, ukiutazama upande wa ndani. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, mafuta hayatairudisha, ukate na uweke mpya. Uangalie zaidi mshono kuliko ngozi, kwa kuwa uzi huoza kwanza, hasa pale ambapo jasho limekauka. Shona kwa mkono, kwa uzi wa katani uliopakwa nta, na kwa sindano mbili, ili mshono mmoja ukikatika usifumue wote kama inavyofanya cherehani. Ukipata vigwe, vipande vyake viungwe kwa mshono mrefu, na upande unaoshikwa mkononi uwe na ngozi isiyoteleza. Usitumie ngozi ya plastiki, hata mteja akilia. Inateleza, na hukatika bila kutoa dalili.

Kuhusu rangi, mwulize gari lake limepakwaje. Desturi ya zamani, ambayo majaji wa mashindano bado huitazama, ni kwamba gari lililopakwa rangi huenda na matandiko meusi, na gari la mbao iliyopakwa vanishi tu, mbao ikionekana, huenda na matandiko ya kahawia. Vyuma vyote vifanane: ama shaba yote, ama nyeupe yote, hata na taa za gari kama inawezekana. Si urembo mtupu. Matandiko ambayo vifungo vyake havifanani mara nyingi yameunganishwa kutoka seti mbili au tatu, na jicho la mwendesha mzuri linaposhtuka hapo huenda likagundua kwamba hata urefu wa mikanda ya kuvutia haulingani. Upime, Fundi. Mmoja ukiwa mrefu kwa nusu kidole, farasi atavuta kwa bega moja siku nzima na kidonda kitatokea hapo.

Umtengenezee pia mfuko mdogo wa kuweka chini ya kiti: kipande cha mkanda wa kuvutia wa akiba, kamba imara, kisu, koleo, kitoboleo, spana ya nati za magurudumu na chombo cha kuondolea mawe kwatoni. Mwambie mwenyewe alipie.

*Mshauri, mwanangu amepata kazi ya saisi kwa mtu mwenye gari la farasi. Sina amani. Ni nini nimwambie? — Mama wa Katuba*

Mama, kazi ni njema, na saisi mzuri ndiye anayefanya mwendesha aonekane hodari. Mwambie avae viatu vigumu vilivyofunika vidole. Asisimame katikati kabisa mbele ya farasi bali kidogo pembeni mwa bega, na asizungushe kamba mkononi. Farasi akiwa amefungwa kwenye gari, asimfunge kwenye mti wala asiondoke hata kwenda kununua muda wa simu. Gari likianza kukimbia bila mtu, asijitupe mbele yake. Awaondoe watoto njiani.

Mwambie pia ajue kupima joto la farasi, na kumpima kila asubuhi kabla ya kazi. Joto la farasi mzima aliyepumzika ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Mwishoni mwa masika kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi wadogo kuliko mbu, na unaua kwa haraka. Kwa hiyo farasi waingizwe zizini kabla ya jua kuzama na wasitolewe mpaka jua liwe limekwisha kupanda. Farasi mwenye homa havuti gari, na mwanao akipata ujasiri wa kumwambia bosi hivyo, Mama, umemlea vizuri.

*Mzee, nitaendesha gari la rafiki yangu kwenye maonyesho. Je, ni lazima nivae kofia ndefu nyeusi na koti, katika joto hili? Na mke wangu atakayeketi kando yangu anaweza kuvaa kikwembe? — P., Ruashi*

Ndugu P., kofia ndefu ni ya magari ya fahari na waendeshaji wa nyumba za kifalme. Mtu akiendesha gari la kawaida la mbao amevaa hivyo huonekana kama amekuja na nguo za kuazima. Vaa suti nyepesi au koti safi, na kofia isiyoruka kwa upepo. Mimi ningevaa ile ngumu ya usalama. Katika mashindano, sehemu ile ya kupita vikwazo mashambani inadai kofia ngumu na kinga ya mwili, na sioni kwa nini barabara ya Ruashi iwe na huruma zaidi. Mashindano hayo si ya kale kama watu wanavyodhani: kanuni zake za kimataifa ziliandikwa karibu na mwaka 1970 kwa msukumo wa Prince Philip wa Uingereza, aliyekuwa rais wa shirikisho la michezo ya farasi la dunia, ubingwa wa kwanza wa Ulaya ukafanyika Budapest mwaka 1971, na ule wa dunia Münster mwaka 1972. Katika sehemu ya kwanza, ile ya mwendo wa adabu uwanjani, unadhifu wako, wa saisi, wa farasi na wa gari hutazamwa kwa makini.

Glavu ni lazima, na ziwe za ngozi ya kahawia, hata kama matandiko ni meusi, maana nyeusi hutoa rangi ukitoka jasho. Zipite mkono kidogo kwa ukubwa, ili vidole vicheze. Uwe na jozi nyingine ya sufu chini ya kiti. Mvua ikinyesha ngozi huteleza, sufu hushika. Juu ya mapaja utandike kitambaa kizito kinachofunika mpaka chini ya magoti, kwa kuwa vigwe vilivyopakwa mafuta huchafua suruali, na vumbi letu humaliza kazi iliyobaki.

Mke wako avae kikwembe, na kiwe kizuri kuliko suti yako. Lakini ncha zake zikunjwe chini ya mapaja kabla gari halijaondoka, kitambaa cha kichwa kifungwe kwa fundo lisilo na mkia, na mwavuli ubaki nyumbani. Kabla hajapanda, wewe uwe umekwisha kuketi, saisi awe kichwani mwa farasi, nawe uwe umetikisa kila gurudumu kwa mkono wako mwenyewe na kutazama kama nati zipo. Akikuuliza kwa nini unaendelea kugusagusa vyuma wakati watu wanawangojea, mwambie kwamba hujamaliza.